Mashine Iliyonyimwa Ruhusa

Mwanasiti alikuwa amekwisha pakwa jeli tumboni, tayari kwa picha ya ultrasound. Mtoto wake alikuwa hajacheza tangu alfajiri.

"Kitendawili!" nesi Rukia akasema, maana ndivyo anavyowatuliza wajawazito.

"Tega."

"Mgeni yumo nyumbani, mwenyeji hajamwona."

"Dada, mimi nionyeshe tu."

Rukia akabonyeza tena kitufe cha mashine, wapi! Kompyuta ya zahanati ilikuwa imewekewa mfumo mpya wa bure, ambao kila mtu anaruhusiwa kuuona ndani na kuurekebisha. Lakini programu ya kuiunganisha na mashine ya picha ilikuwa siri ya watengenezaji, na leseni yao iliukataa mfumo huo.

Akampigia simu Shomari, fundi wa kompyuta.

"Wenyewe hawataki tuione programu yao ndani, dada. Nikibahatisha kuunda nyingine, ni miezi."

Rukia akaweka kiganja juu ya jeli iliyopoa, akatulia, akasikiliza kwa vidole.