Mtungi Uliosuguliwa

Wubit aliusugua mtungi wa kukandia unga kwa majivu na maji ya moto, akaufudikiza juani. Mama yao alizikwa jana. Waombolezaji walikuwa njiani, naye hakutaka waseme nyumba ya marehemu inanuka.

Dada yake mkubwa akaingia na mzigo wa kuni mgongoni. Alipouona mtungi, kuni zikamporomoka.

"Wubit! Maji yaliyokuwa mle umeyapeleka wapi?"

"Nimeyamwaga uani, dada. Yalikuwa ya njano, yamechacha."

"Ile ndiyo chachu ya mikate yetu ya injera, mwehu wewe! Huko mjini mnanunua dukani mpaka mmesahau?"

"Basi nitaomba kwa jirani."

"Ya jirani utapata. Ya mama hutaipata tena."

Mama alipewa chachu ile na mama yake siku alipoolewa, na kila alipokanda unga alibakiza kidogo ya kuchachulia mwingine. Mwaka wa njaa alitembea siku nne, mtoto mgongoni, kibuyu cha chachu kifuani. Mtoto alizikwa njiani. Kibuyu kilifika, na injera yake ikawalea waliobaki, hata wajukuu.

Wubit akakimbilia uani. Kuku walikuwa wakidonoa pale palipolowa. Akawafukuza, akapiga magoti, akaanza kukwangua tope kwa kucha.

Waombolezaji wakaingia wakilia. Mwanamke mmoja akainama amwinue.

"Mwache," mwenzake akamzuia. "Mwache binti amlilie mama yake."

Wubit akalitia tope ulimini. Lilikuwa bado chachu.