Asiyejiweza

Mkono wa kushoto ulikuwa umegoma kabisa kuingia kwenye blauzi.

"Mama, unaniumiza!"

"Sikuumizi. Legeza kiwiko."

"Nataka kwenda nyumbani, mama."

"Tuko nyumbani."

Mazungumzo hayo yalikuwa ya nne, na asubuhi yenyewe ilikuwa bado mbichi. Jembe aliupitisha mkono, akafunga vifungo, akamkalisha mwenzake kitini. Kisha akajibwaga sakafuni, maana magoti yalikuwa yanamlilia. Mtaa mzima ulimwita Jembe kwa sababu hakai. Leo alikaa.

Tusidanganyane, alikuwa amechoka. Kuogesha yeye, kulisha yeye, kufua shuka zilizoloa yeye, na katikati ya yote hayo kukunja taulo za saluni ya jirani, pembe kwa pembe, kwani msusi wa pale alikuwa hapokei taulo iliyopinda.

Msusi huyo ndiye aliyeleta habari. Alitua kapu la taulo mlangoni, akasita.

"Jembe, leo anakuja mtu wa ustawi wa jamii. Mkubwa kanipigia simu, eti nikuandae. Ameandika barua, asiyejiweza hapa apelekwe makaoni."

"Apelekwe, halafu arudi lini?"

"Harudi. Ndiyo moja kwa moja. Wanasema kuna wauguzi, kuna bustani..."

"Kwani Mkubwa alikuja lini hapa akaona nani hajiwezi?"

"Mie sijui. Mjumbe hauawi," alisema msusi, akaondoka upesi.

Mkubwa alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Alihama kitambo, siku hizi alikuwa sauti ya simu tu. Na kwenye simu mwenzake Jembe alikuwa hodari: salama, salama kabisa, sijui nyie? Anayesikiliza angeapa hakuna neno.

Jembe aliingiwa na hofu ya kweli. Walitengana mara moja tu, siku mbili, Jembe alipolazwa hospitali kwa ajili ya moyo wake. Aliporudi alimkuta mwenzake hajatia kitu kinywani, anatazama mlango. Huko makaoni nani angejua kwamba hali chakula mpaka ukae naye, wewe na kijiko chako, yeye na chake?

Saa nne afisa alipiga hodi, viatu vimejaa vumbi, faili kwapani. Alitoa shikamoo moja ya jumla. Mwenzake Jembe akaitika "Marahaba!" kwa nguvu mpaka mgeni akacheka. Jembe hakuitika. Hakuzoea kuamkiwa, akadhani haimhusu.

Afisa akamgeukia, akapaza sauti, akakata maneno vipande vipande. "Mi-mi. Ni-me-ku-ja. Ku-wa-tembelea."

"Nimesikia," alisema Jembe. "Masikio yangu mazima. Karibu ukae."

Afisa alikaa jirani na kiti cha mwenzake Jembe, akafungua fomu magotini. Juu kulikuwa na mistari miwili, wa mlezi na wa anayelelewa, na ofisi ilikwishajaza majina kufuata barua.

"Tuanze," alisema. "Anavaa mwenyewe?"

Mwenzake alikuwa anatazama dirisha.

"Vifungo hawezi," alijibu Jembe. "Na mikono anaichanganya."

Afisa alimtazama kidogo, akaandika.

"Chakula?"

"Anakula ukimkalia karibu. Ukigeuka tu, amesahau."

"Anajua leo siku gani?"

"Jumapili!" alidakia mwenzake.

"Ni Jumatano," alisema Jembe. "Ila kila siku kwake ni Jumapili. Bora yeye."

"Dawa?"

"Mbili asubuhi, moja jioni akishakula. Ile nyeupe anaitema, lazima isagwe, ichanganywe na ndizi."

"Na anayeisaga ni nani?"

"Mimi. Kwani unaona nani mwingine humu?"

Kalamu ilisimama. Afisa alimwangalia mmoja, akamwangalia wa pili, akaziangalia taulo zilizopangwa kama matofali ukutani. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, maneno hayakatwi tena.

"Na wewe je? Nani anakuvalisha?"

"Mimi?" Jembe alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Mtu mzima na mvi zangu, nivalishwe?"

Kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu aliona afisa anarudi kwenye fomu, na fomu ikishaandikwa haina huruma.

"Usimchukue," alisema. "Nimechoka, sikatai. Ukinitafutia mtu wa kunipokea hata siku mbili kwa wiki, nitakuombea dua mpaka nife. Lakini usimchukue. Huko atamwita nani?"

"Mama," aliita mwenzake, "mgeni amekula?"

"Bado," alisema Jembe. "Tutampa."

Afisa aliinuka, akaiweka fomu mezani mahali ambapo Jembe naye aliweza kusoma, akayakata majina yote mawili kwa mstari mmoja mmoja.

Palipoandikwa "anayelelewa" akaandika jina la mama mzazi. Palipoandikwa "mlezi" akaandika la Jembe, bintiye mwenye Down syndrome, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao.