Pete ya Nyonga

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Tangu zije pete za kuhamishia maumivu, nyumba nyingi hupokezana, ila mke wangu Mwatumu alibeba ya nyonga yake peke yake. Mimi kazi yangu kumtania: "Tabasamu, bibi kizee, yatapungua!" Asubuhi hiyo nikaivaa pete yake kwa mzaha, nami najua haivuliki kidoleni mpaka mwingine akubali kuipokea. Nusu ya nazi sikuimaliza kukuna. Nikajilaza sakafuni, jasho linanitoka. Mwatumu alikuwa akichuchumaa na kuinuka jikoni, anaimba.

"Ipokee, mke wangu! Mbona hukuniambia ni makali hivi?"

"Nilikwambia kila siku, ukanijibu nitabasamu. Haya, baba Siwema, tabasamu. Mimi nakanda chapati kwanza."