Dawa ya Kutu ya Mzee Alphée

"Hatuitaki!" Odile akasema, akampokonya baba yake kalamu na kuitia kwenye mkoba wake.

Gérald, muuzaji wa magari, akatoa kalamu nyingine mfukoni. Kuna watu hawakosi tabasamu hata ukiwatukana, na huyu alikuwa mmoja wao.

Gari lenyewe halikuwa na ubishi. Walikuwa wameshakubaliana: dogo, la buluu, jipya kabisa, na pesa ya kulilipia mzee Alphée alikuwa nayo. Ugomvi ulikuwa dawa ya kuzuia kutu. Gérald alitaka dola elfu moja na mia nane apulizie uvungu wa gari, na mzee, maskini, alikuwa ameshasema sawa kabla hata ya kusikia bei.

"Baba, hivi unanisikia lakini? Jirani yako Ludger anapulizia mafuta magari ya mtaa mzima kila vuli. Anataka nini? Kreti ya bia basi!"

"Mafuta ya Ludger yanachuruzika," mzee akasema taratibu. "Yananichafulia uwanja."

"Uwanja! Tangu lini wewe ukajali uwanja?"

Kichwa kilikuwa kinamgonga Odile. Alikuwa ametoka Alberta, kule kwenye visima vya mafuta wanakokimbilia vijana wote wa mji huu wa Tracadie, kwa sababu ya gari la zamani la baba yake. Chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi kuyeyusha barafu ilikuwa imeila sakafu ya gari hilo mpaka kisigino cha mzee kikatokea chini, tena mbele ya kanisa, watu wanatazama. Krismasi mbili mfululizo aliahidi kuja na zamu za kazi zikamzuia. Kwa hili la sakafu alipanda ndege siku ileile. Kesho alikuwa anarudi. Alikuwa na leo tu ya kuhakikisha mzee hanyonywi akiba yake, na mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa anajipeleka kunyonywa.

"Dada, hii ina waranti," Gérald akasema. "Kutu ikitoboa popote, tunatengeneza bure. Maisha yote ya gari."

"Kwa masharti gani? Usiruke masharti!"

Gérald akakohoa kidogo. "Sharti ni moja tu. Kila Oktoba gari liletwe hapa tulikague. Ukikosa mwaka mmoja, waranti imekufa."

"Umeona?" Odile akamgeukia baba yake. "Umeuona mtego wenyewe? Uumwe mwaka mmoja tu, au usahau, pesa yako yote imekwenda na maji!"

Mzee Alphée akasogeza kiti karibu na meza. Ndiyo kwanza alionekana kuamka asubuhi ile.

"Na anayelileta lazima awe nani?"

"Mwenye gari, mzee wangu. Yule ambaye jina lake liko kwenye kadi ya gari. Aje mwenyewe na kitambulisho chake."

"Hawezi kumtuma jirani?"

"Hawezi."

"Hata kama ana kazi nyingi?"

"Hata kama ana kazi nyingi. Wenye dawa ni wakali sana kwa hilo."

"Vizuri," mzee akasema.

"Vizuri nini, Baba? Vizuri nini?" Odile alitamani kulia. Alikuwa anamwona baba yake anazeeka palepale, mbele ya macho yake, kwenye kiti cha plastiki. "Maisha yako yote umekwangua kutu kwenye meli za watu. Unajua kabisa kwamba hiyo dawa yao ni uji mtupu. Leo ndiyo uje udanganywe na kijana mwenye tai?"

"Dada, nipo hapa nasikia," Gérald akasema.

"Sikia vizuri basi!"

Mzee akacheka. "Yaani mama yako mtupu. Kitu kikishalipiwa, hamkubali kipotee, hata kiwe kipande cha mkate."

"Ndiyo maana sitaki ulipie upuuzi!"

Hasira zikamtuma apigane na bei. Akamwambia Gérald kwamba huo ni wizi wa mchana, akaomba kuonana na meneja, akasimama na kuvaa koti, akalivua tena. Bei ikashuka mpaka elfu moja na mia moja. Odile akadhani mzee sasa ataona aibu kwa jinsi walivyotaka kumkamua, lakini wapi. Alikuwa amekaa ametulia anakunywa kahawa yao mbovu, anamtazama binti yake akigomba kana kwamba yuko kwenye sherehe.

"Baba, nakuomba. Kwa mara ya mwisho. Achana nayo."

"Naitaka, mwanangu."

Odile akakaa. Nguvu zilikuwa zimemwishia. Akafikiria ile nyumba ya mbao, simu ambazo alikuwa anazikata haraka kwa sababu ya zamu, na mzee huyu peke yake mikononi mwa kila mchuuzi wa Tracadie. Nani angemlinda?

"Haya, nunua," akasema. "Nunua, pesa ni yako. Mimi nimechoka."

Gérald akavuta kompyuta karibu upesi, kabla watu hawajageuza maneno. "Hongera, mzee wangu. Sasa kadi ya gari, niandike jina lako kamili?"

"Hapana. Andika la huyu," mzee Alphée akasema, akimwonyesha binti yake. "Na nauli ya ndege ya kila Oktoba nitakuwa nalipa mimi."