Fomu ya Mpishi

Afisa wa uchaguzi aliirudisha fomu ya ubunge mezani, akagonga kidole penye orodha ya kazi alizowahi kufanya mgombea.

"Mama Zawena, wewe ni mwalimu mkuu mstaafu. Hili la upishi wa shule lifute tu, watakucheka."

"Nilisomea jikoni. Cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa bado nawasongea wanafunzi ugali."

"Lakini mama..."

"Wewe mwenyewe ulikula maharage yangu miaka minne ulipokuwa mwanafunzi. Uliwahi kuyacheka?"

Afisa akamsogezea fomu mpya, aijaze bila upishi.

Zawena aliisukuma kando, akaivuta ile ile ya kwanza. Mbele ya neno "mpishi" akaongeza: miaka kumi na mmoja, kuni mbichi. Mstari ukaisha. Akaendelea kuandika pambizoni, akikandamiza kalamu mpaka meza ikatikisika.