Marehemu Akataa Posa

Shimba alikuwa bado anavua viatu mlangoni wakati mfuniko wa karai ulipoanguka uani kwa kishindo, na jirani, Nusrat, akapiga ukelele.

"Baba Sabina! Njoo! Mkeo kaanguka!"

Nkwabi alikimbia. Mkewe, Dorotea, alikuwa amelala chali kando ya mafiga, macho ameyafumba, mikono inatetemeka. Nusrat alikuwa amemkingia kichwa kwa viganja vyake, maana ua wa nyumba hiyo ya Kirumba ulikuwa mawe matupu.

"Alikuwa anageuza samaki," alisema Nusrat. "Mara kanyamaza, kaanza kuyumba. Ana kifafa?"

"Hana," alijibu Nkwabi, akijifuta jasho.

Shimba alisimama nyuma yao, kiatu kimoja mkononi. Huyu alikuwa baba mdogo wa Nkwabi, na tangu mzee Mihayo, baba yake Nkwabi, afariki ndiye aliyeusemea ukoo. Alikuwa amevuka ziwa kwa kivuko cha Busisi asubuhi na jambo moja tu kichwani: harusi ya pili ya Nkwabi. Dorotea amezaa mabinti watupu, ukoo unataka mjukuu wa kiume, na huko Sengerema binti ameshapatikana. Ng'ombe wa mahari wameshatengwa.

Kwamba Nkwabi mwenyewe alikuwa akilishwa na mke aliye naye, hilo Shimba hakulipigia hesabu. Nkwabi alipunguzwa kazini pale kiwanda cha pamba kilipouzwa. Tangu hapo nyumba iliendeshwa na mapanki, yale mabaki ya sangara ambaye minofu yake imeshapanda ndege kwenda Ulaya. Dorotea aliyakaanga na kwenda kuyauza sokoni Mwaloni. Hata hivyo, kila alipotajiwa huyo binti, Nkwabi alijibu, "Ndiyo, baba mdogo." Tangu utotoni hakuwahi kumpa Shimba jibu jingine.

Dorotea alikohoa. Kisha akasema, kwa sauti nzito ya kiume, iliyokwaruza kama ya mvuta kiko:

"Shimba. Umekuja kumwoza mwanangu bila kuniuliza?"

Kiatu kilimtoka Shimba mkononi.

"Yesu na Maria," alisema Nkwabi, akapiga magoti.

Nusrat, ambaye kwao Tanga alishaona majini ya kila aina, alisogea nyuma kidogo. "Huyu siyo wa kwetu," alisema. "Wa kwetu huanza kwa kudai marashi. Huyu ni wenu."

"Ni masamva," alinong'ona Shimba. "Mizimu ya ukoo." Lakini hakuwa mtu wa kuamini haraka. Alishawahi kusikia habari za wanawake wa mjini wanaopandisha pepo wakitaka kununuliwa kitenge, na pepo akashuka kitenge kikishafika. Alikaza uso.

"Kama wewe ni kaka yangu Mihayo," alisema, "niambie. Tulipokuwa wachungaji, ndama mweupe wa baba alipotea. Alikwenda wapi?"

Nkwabi aliinua kichwa. Alimtazama mkewe, akamtazama baba yake mdogo. Habari za ndama huyo hakuwahi kuzisikia.

Dorotea alikaa kimya. Shimba alianza kutabasamu.

"Aliliwa na fisi," ikasema sauti ile.

"Ala! Kila mtu kijijini anajua ni fisi!"

"Anajua kwa sababu wewe ndiye uliyewaambia. Lakini fisi gani, Shimba, anayekula nyama kwa chumvi?"

Tabasamu likafutika.

"Na hiyo chumvi," iliendelea sauti, taratibu, kama mtu anayekaa vizuri kwenye kiti, "nani aliiiba jikoni kwa mama? Na mama alipouliza, ni nani aliyemsingizia shangazi, mpaka shangazi akarudishwa kwa mumewe akilia? Niseme, mdogo wangu? Niseme mbele ya huyu mtoto wa watu?"

"Sema, mzee," alisema Nusrat, akisogea karibu tena.

"Hapana!" Shimba alikuwa ameshapiga magoti kando ya Nkwabi. "Basi, kaka. Yatosha. Nisamehe. Unataka nini?"

"Mwanangu ana mke. Huyo binti aolewe na mwenye nafasi. Na mkwe wangu asisumbuliwe tena kwa habari za watoto wa kiume. Kwani wewe na mimi tulikuwa wa kiume, tukamletea baba faida gani?"

"Imekwisha. Nimesikia."

Dorotea alishusha pumzi ndefu. Mikono ikatulia. Walimbeba hadi chumbani, Nusrat akamfunika kanga na kurudi uani kuokoa samaki.

Shimba hakungoja hata ugali. Nkwabi alimsindikiza mpaka barabarani. Kabla ya kuagana mzee alimshika mkono.

"Mtunze mkeo," alisema. "Na hayo ya shangazi yasifike kwa shangazi."

"Ndiyo, baba mdogo."

Nkwabi alisubiri mpaka gari la Busisi likate kona. Ndipo akarudi mbio, akaingia chumbani, akafunga mlango na kuanza kucheka huku ameziba mdomo kwa kofia. Machozi yalimtoka.

"Mama Sabina! Umemaliza kazi! Wiki nzima ya mazoezi hukuifikia sauti ile hata nusu. Mimi mwenyewe nimetetemeka! Lakini habari za ndama ulizitoa wapi?"

Dorotea alifumbua macho, akajinyoosha, akapiga mwayo.

"Nisamehe, mume wangu, sijui usingizi umenipitiaje," alinong'ona, akiketi haraka na kujifunga kanga. "Baba mdogo ameshafika? Basi toka wewe, nije nianguke."