Kanga Aliyopewa na Wifi

Zamda alimwekea shangazi yake, Mwanaesha, programu ya bure kwenye simu, ile inayowasomea wasioona. Ukielekeza kamera kwenye maandishi, inayatamka. Asubuhi nzima Mwanaesha alizunguka nyumba ya kaka yake akisomewa: pakiti ya majani ya chai, boksi la dawa, kalenda ya mwaka juzi. Alicheka mpaka machozi.

Kisha akaivua begani kanga aliyoipenda kuliko zote, akaitandaza kitandani. Wifi yake, Rukia, ndiye aliyempa, Idi ya miaka mitatu nyuma. Ameivaa harusini na matangani hadi imelainika kwa kufuliwa.

"Hiyo iache, shangazi," Zamda alisema.

"Kwa nini, mwanangu?"

Tayari Mwanaesha alikuwa ameielekeza kamera. Simu ikasoma, kwa sauti isiyo na haya: "Nimechoka kubeba, shuka utembee."

Mwanaesha akairudisha kamera palepale, huenda imekosea. Ikasoma vilevile. Akawakumbuka wanawake waliomsifia kuwa kanga imemkaa, na jinsi walivyonyamaza kila alipopita.

"Kumbe mji mzima mnajua," alisema polepole.

Rukia aliita kutoka ukumbini, "Wifi, maulidi yanaanza. Uko tayari?"

Mwanaesha akamwuliza Zamda maandishi yako upande gani. Akajitanda kanga ile, maandishi yakakaa mgongoni, yakisomeka. Akatoka chumbani, akaunyoosha mkono kuelekea ilikotoka sauti.

"Niko tayari, wifi. Nishike."

Mkono ukabaki hewani, ukingoja.